Ndege ya Kuamia Mpunga

Kosa lenyewe Ursula alilifanya Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya ndege kurushwa, kwa mikono yake miwili, na alilifanya kwa mapenzi. Hilo la mapenzi ndilo lililokuja kumtesa baadaye, maana mtu akikosa kwa chuki hujua pa kuanzia kutubu.

Tangu Januari Beatus alikuwa anatengeneza ndege. Si ndege ya kupanda watu, hapana. Ilikuwa ya povu lile gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, mabawa yake marefu kama mtu aliyenyoosha mikono, na iliongozwa kwa rimoti. Beatus alikuwa fundi baiskeli jirani na soko la Ifakara, kijana mwembamba wa miaka ishirini na tisa ambaye vidole vyake havikutakata grisi hata siku ya Jumapili. Hakuwahi kuiona ndege ya namna hiyo ikiruka mbele ya macho yake. Alijifunza kwenye simu, bando likiisha anaweka jingine, akiagiza mota na betri ambavyo vilikuja kwa basi kutoka Dar vikiwa vimefungwa kwenye soksi.

Ursula alikuwa na cherehani yake mlango wa tatu kutoka pale. Alianza kwenda kuangalia tu, kwa udadisi. Kisha akaanza kushika.

"Shika hapa," Beatus angesema, gundi ikiwa bado mbichi.

"Nimeshika."

"Usiachie."

"Siachii."

Ndivyo walivyoinamia meza moja miezi mitatu, vichwa vikikaribiana, na gundi ikakauka huku na huku. Kufikia Pasaka mtaa mzima ulishajua. Mwezi wa nne Beatus akatuma mshenga Idete, kwa Mzee Nazari, baba yake Ursula, na barua ya posa.

Mzee Nazari aliipokea barua, akaigeuza, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Pale juu ilikuwepo nyingine iliyotangulia, ya akina Valentino wa Uchindile, msimamizi kwenye mashamba ya miti, mtu mwenye nyumba ya bati na pikipiki yake mwenyewe.

"Mimi sina ubaya na fundi spoku," alimwambia binti yake. "Lakini mwanamume mzima anachezea povu? Leo povu, kesho tiara. Atakulisha upepo?"

Pengine mambo yangeishia hapo kama si kwerea kwerea. Mwaka ule ndege hao waliuvamia mpunga ukiwa bado kwenye maziwa, makundi kwa makundi, wakishuka asubuhi na jua likianza kupoa. Mzee Nazari na mkewe walihamia shambani kuamia ndege. Walipiga madebe, wakarusha matope kwa fimbo, wakapiga kelele hadi sauti zikakauka, na ndege wakazoea. Ndipo Ursula alipopata ujasiri.

"Baba, ndege ya Beatus ingeweza kuwafukuza. Wakiiona angani watadhani ni mwewe."

Mzee alicheka. Halafu akalitazama jaruba lake, akaacha kucheka.

"Jumamosi aje. Akinifukuzia hawa asubuhi moja tu, naifungua barua yake mbele ya ndugu zangu wote. Akishindwa, naifungua ile nyingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Basi Ijumaa alasiri, pale kwenye karakana, Beatus aliibeba ndege yake iliyokamilika kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, akaichungulia kama inalala sawa. Ililala sawa. Akachora alama mbili kwa kalamu.

"Hapa ndipo penye roho yake," alisema. "Pua ikizidi uzito, rubani anachoka. Mkia ukizidi, inaruka mara moja tu."

"Halafu?"

"Halafu unaokota vipande."

Ursula alikunja uso. "Mimi ningeona tuipeleke kanisani. Padri anabariki bodaboda, anabariki bajaji, hata mbegu anabariki. Yetu ina kasoro gani?"

"Nimpelekee Padri povu? Kwaya nzima itacheka, Ursula."

"Wacheke."

"Wewe niombee tu. Inatosha."

Akatoka kwenda kutafuta mipira ya kufungia bawa. Ursula akabaki peke yake na ile ndege. Kila alilokuwa analitaka duniani lilikuwa limelala juu ya meza ile, jepesi, linaweza kupeperushwa na feni. Akavua rozari yake ya chuma, aliyopewa na mama yake wa ubatizo siku ya Komunyo ya Kwanza. Tumboni mwa ndege asingeweza kuiweka, maana Beatus angefungua kupachika betri na kuiona. Mkia hakuna anayeufungua. Akapasua mkia kwa wembe wa kushonea, akaisokomeza rozari ndani, akaziba kwa utepe ule ule mwekundu waliopambia mabawa. Fundi cherehani hodari haonyeshi mshono.

Habari ya uzito wa mkia alikuwa ameisikia kwa masikio yake, dakika kumi hazijapita. Lakini moyo wake uliamini kwamba kitu cha baraka hakina uzito.

Jioni ile akapanda gari kwenda Idete.

* * *

Jumamosi saa mbili asubuhi, ndugu walikuwa wameshakusanyika kando ya jaruba kana kwamba kuna ngoma. Alikuwepo Mjomba Dionisi, mcheshi wa ukoo. Alikuwepo Shangazi Philomena, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika. Walikuwepo majirani walioacha ndege wao wale mpunga ili waje waone ya wenzao.

Beatus alifika kwa bodaboda, ameipakata ndege mapajani kama mtoto mchanga. Amevaa shati jeupe. Ursula alipoliona lile shati, alilolishona mwenyewe, aliona raha na uchungu kwa pamoja.

"Shikamoo, Mzee. Shikamooni."

"Marahaba," Mzee Nazari aliitikia. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, Mzee."

"Inakula nini?"

"Betri."

"Na dawa, je?" Shangazi Philomena aliingilia. "Povu haliendi angani hivi hivi. Semeni ukweli, humo ndani mmeweka kitu!"

Watu wakaangua kicheko. Ursula hakucheka. Kwa mara ya kwanza aliliona jambo lake kwa macho ya watu: kitu kilichofichwa, kimeshonewa ndani, bila mwenye mali kujua. Kwao msichana akiambiwa "ameweka kitu" kwa mwanamume, basi hata akifika miaka sabini bado ataitwa yule aliyeweka kitu. Nani angesubiri kusikia kwamba ilikuwa rozari?

Beatus alipachika betri, akajaribu usukani wa nyuma, ukapanda ukashuka. Kisha akaingiza vidole viwili chini ya mabawa, kwenye alama zake, aipime tena.

Ursula aliviangalia vile vidole. Ikiinama nyuma atatafuta. Akitafuta ataona utepe. Ataukwangua hapa hapa, mbele ya Shangazi.

"Si ulishapima jana?" alisema haraka.

Beatus aligeuka. "Nilipima."

"Basi rusha. Baba anachoka, na ndege wanamaliza mpunga."

Walitazamana. Hakukuwa na shaka hata chembe machoni pa Beatus. Alimtazama Ursula jinsi mtu anavyomtazama wa nyumbani kwake, akashusha vidole, akatabasamu.

"Haya. Tupa wewe, kama nilivyokufundisha. Usawa wa mabega, uso uelekee upepo."

Ursula alichukua ndege. Kitambo kile ilikuwa mkononi mwake bado, na neno lilikuwa mdomoni mwake bado. Mota ikanguruma. Akakimbia hatua tatu, akatupa.

Iliruka. Jamani, iliruka! Ilipita juu ya mpunga ikiunguruma, nyekundu na nyeupe, na kwerea kwerea wote wakanyanyuka kwa mpigo mmoja, jaruba zima likawa kama linang'olewa. Mzee Nazari alisimama, mikono kichwani. "Haaa! Waone! Waone wanavyokwenda!" Mama Margareta, mama yake Ursula, alipiga kigelegele. Beatus alitupa jicho moja tu kwa Ursula, na furaha iliyokuwemo katika jicho lile asingeisahau maisha yake yote.

Kisha pua ikainuka. Ikazidi kuinuka. Beatus alisukuma kijiti cha rimoti mbele, akasukuma tena, mpaka mwisho.

"Shuka," alisema kwa sauti ndogo. "Shusha pua, mama. Shusha."

Ndege ikasimama angani wima kama inayowaza. Bawa la kushoto likalegea, na kitu kizima kikaja chini kikizunguka, kikaingia katikati ya mpunga. Tangu kurushwa mpaka kuanguka, mtu asingemaliza Baba Yetu.

Watu wakakimbilia ndani ya jaruba kutafuta, wakakanyaga mpunga kulia na kushoto. Kwerea kwerea walizunguka mara moja, wakashuka upande wa pili, wakaendelea na chakula chao.

"Rubani!" Mjomba Dionisi alipaza sauti. "Abiria wamepona?"

Kicheko kikazuka kila upande. Beatus alitoka kwenye mpunga, matope hadi magotini, bawa kwapani na mkia mkononi. Alikuwa anautazama ule mkia. Utepe ulikuwa umechanika, na punje tatu za chuma zilikuwa zinaning'inia nje. Ursula alimwona akisimama. Alimwona akielewa. Alimwona akifumba kiganja polepole, punje zikapotea, kabla ya mtu mwingine kuona.

Akainua macho kwa Ursula. Alimpa nafasi.

Ursula akatazama chini.

"Kijana," Mzee Nazari aliuliza, wala hakuwa anacheka. "Ilianza vizuri. Imekuwaje?"

Beatus alimgeukia. "Kosa ni langu, Mzee. Ilitakiwa niipime asubuhi hii kabla ya kuirusha. Sikupima."

"Ulisahau?"

"Sikupima, Mzee. Naomba radhi kwa mpunga."

"Mwanamume anayesahau kupima povu," Shangazi Philomena alisema, akiwageukia wenzake, "atakumbuka kupima unga wa watoto?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Beatus alilikaza bawa kwapani. Ursula alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwake. Hatua tano, na neno moja. Miguu haikwenda, na ulimi haukwenda.

* * *

Alimfuata hadi barabarani. Bodaboda alikuwa amekwenda kujaza mafuta, Beatus akawa anavifunga vipande kwa mpira, kimoja juu ya kingine, kwa utaratibu ule ule aliovitengenezea.

"Beatus."

Hakugeuka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa rozari, akamkabidhi. "Ilikuwa mkiani."

"Najua."

"Najua unajua." Alikaza fundo. "Mimi siigombi rozari, Ursula. Ungeniambia, ningeiweka puani. Pua ilikuwa inahitaji uzito kidogo, tungeiweka pale, ingeruka nayo mpaka leo jioni."

Machozi yalimtoka Ursula. "Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka. Halafu ningeiweka." Sasa akageuka. "Lakini asubuhi ulisema nisipime. Ulijua kilichomo, ukaniambia nirushe."

"Niliogopa Shangazi. Umemsikia alivyosema. Wangesema nimekuwekea dawa."

"Nimemsikia. Nimemsikia na aliyosema kuhusu mimi pia." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo iliuma zaidi ya makelele. "Nimesema ni kosa langu kwa sababu sikutaka wakuguse. Nikakutazama. Nikasema moyoni, nikibeba mimi huku, yeye atashika kule."

"Nitamwambia Baba. Nakuapia nitamwambia kila kitu."

"Wako wote pale." Beatus alielekeza kidevu shambani. Vicheko bado vilisikika. "Twende. Mimi nitasimama na wewe. Tukisema wawili, atakayesema dawa atasema kwetu sote."

Alinyoosha mkono. Mkono ule wenye grisi, uliokuwa umemfundisha kukata povu kwa waya wa moto bila kujiunguza. Ursula aliutazama, akatamani kuushika kuliko alivyowahi kutamani chochote. Kule shambani Shangazi Philomena alikuwa anaigiza ndege inavyoanguka, mikono imetanuliwa, kanga inamvuka.

"Ngoja wapungue," Ursula alisema. "Jioni, wakiondoka, nitamwambia. Jioni, Beatus, si mbali."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka.

"Sawa," alisema Beatus.

Pikipiki ikaja. Akapanda, akaviweka vipande mapajani, na shati lile jeupe likapotelea kwenye vumbi la barabara ya Ifakara.

* * *

Saa kumi na mbili jioni ndugu walikuwa wametawanyika. Mzee Nazari aliketi barazani na barua ya Uchindile mkononi, anatafuta miwani. Ursula alipiga magoti mbele yake, akasema yote: rozari, wembe, utepe, na yale maneno ya asubuhi. Hakuruka hata moja. Mama Margareta alisimama mlangoni na mwiko, ugali ukimuungulia jikoni.

Mzee aliipata miwani mfukoni, akaivaa, akamtazama.

"Alijua?" aliuliza. "Aliposimama mbele yangu na matope yake, alikuwa ameshajua?"

"Alikuwa ameshaiona, Baba. Alikuwa ameifumbata."

"Akaacha shangazi yako amseme vile?"

"Ndiyo, Baba."

"Akaniomba na radhi ya mpunga." Mzee alitikisa kichwa. Aliiweka chini barua ya Uchindile. "Mama Ursula, niletee ile barua nyingine."

Akaifungua kwa kisu, taratibu, akaisoma kwa kuifuatisha na kidole, midomo ikicheza. Alipomaliza alivua miwani.

"Ndege waliruka, niliwaona mwenyewe," alisema. "Povu litatengenezwa jingine. Mtu wa hivi hatengenezwi. Mpigie aje kesho, baada ya Misa. Mwambie barua yake nimeifungua."

Mama Margareta akapiga kigelegele, akakumbuka ugali, akakimbia. Ursula aliibusu mikono ya baba yake. Akatoka nje na simu, na Beatus akapokea mlio wa pili.

"Beatus! Baba amefungua! Nimemwambia kila kitu, amefungua barua yako, anakuita kesho!"

Upande wa pili mlio wa nyundo ukakoma.

"Beatus, unanisikia?"

"Nakusikia. Umemwambia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimetoka kumwambia sasa hivi."

"Wale wengine walikuwepo?"

Furaha ilianza kumtoka Ursula taratibu, na hakuwa na cha kuizuia.

"Walishaondoka," alisema.

"Shangazi?"

"Ameondoka, Beatus. Lakini Baba atawaambia. Na mimi nitawaambia, kesho, kanisani, popote utakapotaka..."

"Ulingoja mpaka pakawa salama." Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. "Siku nyingine itakuwa jambo kubwa kuliko ndege, Ursula. Tutakuwa na watoto. Nitakutazama tena vile, na wewe utangoja watu wapungue."

"Sitangoja. Nimejifunza. Beatus, nakupenda."

"Najua unanipenda. Hata rozari uliiweka kwa sababu unanipenda. Mwambie Mzee nimeshukuru. Mwambie ni heshima kubwa sana kwangu. Lakini barua hiyo niliiandika nikidhani tuko wawili."

"Usiseme hivyo. Tafadhali."

"Lala salama, Ursula."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga mara ya tatu, haikuita kabisa.

Ndani, Mama Margareta alikuwa ameshawasha taa, anaulizana na mumewe kama wachinje jogoo au tetea, na kama Mjomba Dionisi aitwe ili naye aombe radhi kwa utani wake. Mzee Nazari alikuwa anacheka, kicheko cha raha ambacho Ursula hakuwa amekisikia tangu kwerea kwerea waingie shambani.

"Ursula!" baba yake aliita kutoka barazani. "Amesema atafika saa ngapi?"